Pantoni ndogo iliyotumika: hesabu watu kabla ya kuhesabu pesa

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara wa kijijini, kila baada ya mavuno huja msimu wa pili, nao ni msimu wa kuuziwa vitu. Mpunga umeshatoka, pamba imelipwa, na wenye vitu vya kuuza wanaijua tarehe hiyo kuliko sisi wenyewe. Leo nataka tuzungumze kitu kimoja ambacho kwetu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria kinaweza kukupendeza haraka na kukugharimu kwa muda mrefu: pantoni ndogo iliyotumika, ya kutembezea familia.

Sizungumzii pantoni kubwa ya kuvushia magari na abiria. Nazungumzia ile sakafu bapa ya mbao au bati iliyofungwa juu ya maboya, yaani mapipa ya plastiki au mabomba mawili makubwa ya alumini yaliyozibwa huku na huku. Juu yake kuna viti, paa la turubai, na nyuma kuna mashine ndogo. Nyingine zilikuwa za hoteli na kambi za watalii. Nyingine zilianza kama jukwaa la kulishia samaki kwenye vizimba, mwenyewe akaongeza viti na kuiita boti ya familia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usiutafute chini. Usinunue pantoni yoyote mpaka ukokotoe mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, inabeba watu wangapi. Na kama namba utakayopata ni ndogo kuliko watu na mizigo ya familia yako siku ya kurudi nyumbani, acha. Acha hata kama bei imeshushwa mara tatu.

KWA NINI INATUVUTIA

Tuitendee haki kwanza. Pantoni ina mambo mazuri ambayo mtumbwi wa mbao hauna. Sakafu yake ni bapa na pana, kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu anapanda bila kubebwa. Watoto wanakaa katikati, mbali na ukingo. Haiyumbi mtu mmoja anaposimama kama unavyoyumba mtumbwi mwembamba. Inaelea kwenye maji ya kina kifupi, na kwenye ghuba tulivu inatembea kama mkeka.

Safari zetu nazo zinajulikana. Ni kwenda kwa bibi ng'ambo ya ghuba, kwenda harusini, kwenda kula sikukuu ya Krismasi au Idi kwa ndugu, na Jumapili moja moja kuwatoa watoto waone kisiwa wanachokiona kila siku kwa mbali. Barabara ya kuzunguka ghuba ni ndefu na nauli ya pikipiki kwa watu sita si mchezo. Kwa hiyo sikucheki ukiitamani. Ninachokataa ni kuinunua kwa macho, kama tunavyochagua kitenge.

UNACHONUNUA NI HEWA ILIYOFUNGWA

Muuzaji atakuonyesha viti, paa, rangi na mashine. Vyote hivyo ni mzigo. Kitu pekee kinachokubeba ni hewa iliyofungwa ndani ya maboya. Hewa ikiwa kidogo, au ikivuja, hayo mengine yote yanakuzamisha.

Kanuni ni rahisi. Chombo kilichozibwa chenye ujazo wa lita 1 kikizamishwa chote majini kinasukumwa juu kwa nguvu ya kubeba kilo 1 hivi. Pipa la lita 200 linaweza kubeba kilo 200, ukihesabu na uzito wa pipa lenyewe. Lakini hapo litakuwa limezama lote, na sakafu yako iko usawa wa maji. Ndiyo maana kanuni ya busara ni kutumia nusu tu. Pantoni ikiwa imebeba kila kitu na kila mtu, maboya yasizame kupita katikati.

Kwa nini katikati? Angalia pipa lililolala. Sehemu yake pana kuliko zote ni katikati. Linapozama kuelekea katikati, kila kilo unayoongeza inalishusha kidogo tu, kwa sababu upana unaokutana na maji unaongezeka. Likipita katikati upana unaanza kupungua, na kila kilo mpya inalishusha zaidi kuliko ile iliyotangulia. Upande mmoja ukishapita hapo, unakwenda chini kwa haraka na upande wa pili unanyanyuka. Pantoni inayoonekana imara asubuhi inaweza kugeuka jioni kwa kuongezewa watu wawili.

Tufanye hesabu ya mfano. Pantoni ina mapipa 10 ya plastiki ya lita 200.

Ujazo wote ni lita 2,000. Nusu yake inabeba kilo 1,000. Hicho ndicho kipimo chako, usikivuke.

Sasa toa uzito wa pantoni yenyewe. Mapipa 10, tuseme kilo 10 kila moja, ni kilo 100. Fremu na sakafu ya mbao, ambazo zikilowa zinaongezeka uzito, tuseme kilo 300. Viti na paa kilo 80. Mashine ndogo, tangi la mafuta, nanga na kamba kilo 70. Jumla ni kilo 550.

Kilo 1,000 ukitoa 550 zinabaki kilo 450. Ukihesabu mtu mzima kilo 75, ni watu 6. Watu sita, mikono mitupu, na nahodha akiwa mmoja wao. Muuzaji alikwambia kumi na tano, maana alihesabu viti.

Kama maboya ni mabomba ya alumini, chukua kamba uzungushe bomba upate mzingo wake kwa mita. Zidisha mzingo kwa mzingo, gawanya kwa 12.57, kisha zidisha kwa urefu wa bomba kwa mita. Jibu ni mita za ujazo. Zidisha kwa 1,000 upate lita. Bomba lenye mzingo wa mita 1.88 na urefu wa mita 6 lina karibu lita 1,690. Mawili ni lita 3,380, na nusu yake ni kilo 1,690. Ncha za mbele zikiwa zimechongwa kama risasi, punguza kidogo. Kisha toa uzito wa pantoni yenyewe kama tulivyofanya juu.

Nenda na karatasi hiyo kwa muuzaji. Akicheka, mwache acheke.

SAFARI YA KURUDI

Hapa ndipo penye hatari, na wengi hatupahesabu. Pantoni haiondoki na kurudi na uzito ule ule. Unakwenda na watu sita. Kule bibi anakupa gunia la mpunga, mkungu wa ndizi na kuku watatu. Mjomba anasema naye anakuja mjini kesho, apande huku huku. Binamu ana mtoto anayekwenda shule. Unarudi na watu tisa, mzigo, na jua linazama.

Tunaijua lumbesa. Tumepiga kelele miaka yote kwamba gunia linalovimbishwa juu linamwibia mkulima. Boti iliyopakiwa kupita kipimo nayo ni lumbesa, ila hii ya majini haiibi kilo, inaiba watu. Gunia moja la mpunga la kilo 100 linachukua nafasi ya mtu na zaidi. Katika mfano wetu wa kilo 450, ukipakia magunia mawili unabakiwa na kilo 250, yaani watu watatu. Wale wengine watatu wabaki, au magunia yabaki.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kile kilikuwa chombo cha chuma chenye wafanyakazi wake, na wengi walikufa nchi kavu wakiiona kwa macho. Kama chombo cha namna ile hakikusamehe kujazwa, mapipa kumi yaliyofungwa kwa kamba hayatasamehe.

Kwa hiyo unaponunua, hesabu familia ya siku ya kurudi. Kama nyumbani mko watano na una ndugu wengi ng'ambo, tafuta pantoni ya watu tisa au kumi kwa hesabu ya nusu, au usitafute kabisa.

IKAGUE IKIWA NCHI KAVU

Sharti la kwanza kwa muuzaji: pantoni ivutwe ufukweni, na ikiwezekana ilale huko usiku mmoja kabla hujaenda. Muuzaji anayesema haiwezi kuvutwa amekwisha kujibu swali lako. Usinunue kitu ambacho tumbo lake hujaliona.

Lakini kabla haijavutwa, itazame ikielea bila mtu. Ikae sawa. Kona moja ikiwa chini kuliko nyingine, na mashine si sababu, ujue boya la kona hiyo lina maji. Kisha tazama mstari wa uchafu wa kijani kwenye maboya. Mstari huo hauna ubia na muuzaji. Unakuonyesha pantoni imekuwa ikielea kwa kina gani ikiwa imeegeshwa. Ukiwa umepita nusu wakati pantoni ni tupu, basi hakuna nafasi iliyobaki kwa ajili yako.

Ikishavutwa, fuata mpangilio huu:

Gonga kila boya kwa mkono na usikilize. Lenye maji lina mlio mzito na ukilitikisa linachezacheza ndani. Fungua vizibo vyote. Paka povu la sabuni kwenye vizibo na maungio, kisha jaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Penye mapovu panavuja.

Kwenye plastiki, angalia upande unaopigwa na jua. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupauka, huwa na unga mweupe ukiipangusa, na ikigongwa kwenye jiwe hupasuka kama kibuyu. Mapipa ya chuma mimi nayakataa moja kwa moja, kwa sababu kutu huanza ndani ambako huoni.

Uliza mapipa yalibeba nini. Kama yalikuwa ya viuatilifu au kemikali, usiyatake karibu na watoto, na asikudanganye mtu kwamba ukichoka pantoni utayatumia kuhifadhia maji ya kunywa.

Kwenye alumini, tafuta nyufa penye maungio ya kuchomelea, hasa pale bomba linaposhikana na fremu. Penye viraka vya gundi, uliza kwa nini hapakuchomelewa.

Kwenye fremu, chomeka kisu chenye ncha kali kwenye mbao, hasa chini na penye maungio. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao imeoza. Fremu ifungwe kwa bolti na nati zisizoshika kutu, si misumari peke yake, maana mawimbi hung'oa misumari kidogo kidogo. Mapipa yakiwa yamefungwa kwa kamba tu, weka kwenye bajeti yako mikanda imara kabla ya safari ya kwanza.

Na ukishainunua, nakushauri ujaze chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri ndani ya kila pipa, kadiri mdomo wake unavyoruhusu. Pipa likitoboka, maji yataingia katikati ya chupa, lakini hewa iliyomo ndani ya chupa itabaki. Chupa hizo unaziokota bure, na zinaweza kukufikisha ufukweni.

MASHINE ISIKUPOFUE

Wengi wetu tunanunua mashine, pantoni inakuja kama nyongeza. Geuza fikra. Mashine mbovu inakuacha katikati ya maji ukielea. Boya bovu halikuachi ukielea. Hata hivyo mashine ina pesa nyingi, kwa hiyo nenda na fundi asiyefahamiana na muuzaji, mlipe siku yake, na muangalie pamoja haya:

Ishike kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa kabla hujafika ili iwake vizuri mbele yako. Subiri ipoe.

Ikiwaka majini, tazama tundu dogo la pembeni linalotoa maji. Maji yatoke kwa nguvu, bila kukatika. Yasipotoka, mashine haipozwi na itaungua.

Fungueni oili ya gia kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye gia. Mara nyingi chanzo ni uzi wa nyavu uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili. Kwetu kwenye nyavu na magugu maji, hili ni la kuangaliwa kila mara.

Hakikisha kamba ya kuzimia mashine ipo na inafanya kazi. Ni ile anayoivaa nahodha. Akianguka majini mashine inazimika badala ya kumgeukia yeye au watoto.

Mwisho, andika namba ya mashine na uilinganishe na risiti. Mashine za boti huibwa sana ziwani. Mpelekee namba hiyo kiongozi wa BMU na kituo cha polisi kabla ya kulipa. Ukikamatwa na mashine ya wizi unapoteza mashine na pesa, na unaweza kulala ndani.

JARIBIO LA KUHAMIA UPANDE MMOJA

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio hili palipo na maji ya kiunoni, karibu na ufuko. Panda na watu wazima idadi ile uliyoipata kwenye hesabu, wote wamevaa jaketi okozi. Kisha wote mhamie upande mmoja, taratibu. Halafu wote mwende mbele.

Ndivyo itakavyokuwa mtoto akipiga kelele kwamba ameona fisi maji. Wote watakimbilia upande mmoja. Pantoni ikilala mpaka ukingo wa sakafu unagusa maji, au pua ikizama chini ya usawa wa maji, punguza idadi ya watu mpaka isifanye hivyo. Hiyo ndogo ndiyo idadi yako halisi, hata kama karatasi ilisema zaidi.

MAHALI PAKE NI GHUBANI

Pantoni ni ya maji tulivu. Sakafu yake iko chini, na wimbi likija kwa mbele hupiga fremu kutoka chini au hupanda juu ya sakafu. Mtumbwi uliochongwa vizuri hukata wimbi, pantoni hulipokea. Usidanganywe na ukubwa wake. Ghuba ya Speke si bwawa la kijiji, na safari ya visiwa vya mbali si kazi ya mapipa.

Ziwa letu lina tabia zake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi hukua kadiri jua linavyopanda. Usiku hugeuka, na radi na tufani za ziwani hutokea zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Saa za pantoni ya familia kwa hiyo ni chache: anza asubuhi kukiwa kumepambazuka vizuri na anga liko wazi, na uwe umerudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyo hiyo, si wa jana. Ukiona wingu jeusi na upepo umegeuka baridi ghafla, nenda ufuko ulio karibu hata kama si wa kwenu. Tembea sambamba na ufuko, usikate katikati kwa kuokoa mafuta.

GAWA PESA KABLA HUJAENDA

Chukua pesa yote uliyotenga, uigawe mara mbili nyumbani, mbele ya mwenzako. Nusu ndiyo ya kumpa muuzaji. Nusu nyingine hata asijue ipo. Hiyo ni ya jaketi okozi kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za saizi yao, maana mtoto akivishwa ya mtu mzima huponyoka kwa chini. Ni ya kubadilisha mapipa, bolti na mikanda. Ni ya nanga, kamba ndefu, makasia mawili, tochi, filimbi na ndoo ya kuchotea maji. Ni ya mafuta na oili, na ya fundi wa mashine.

Ukiona nusu ya pesa haitoshi kununua pantoni, basi pesa yako haijafikia kununua pantoni. Kuchukua ya jaketi okozi ukaongezea kwenye bei ni sawa na kununua shamba kwa pesa ya mbegu, ila hapa hasara haisubiri mvua.

Karatasi nazo zina gharama, na usiziruke. Vyombo vya majini hukaguliwa na kusajiliwa na TASAC. Waulize wakueleze masharti ya chombo cha aina yako kabla hujalipa, na muombe muuzaji cheti chake. Mkataba wa mauziano uandikwe, uwe na namba ya mashine, namba za vitambulisho vyenu na saini za mashahidi, na usainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Na jambo moja kwa ndugu zangu wafanyabiashara: chombo cha familia si chombo cha nauli. Siku unayoanza kuchukua nauli kuna masharti mengine na leseni nyingine, na familia yako inakuwa abiria wa biashara. Amua mapema unanunua kipi.

NUNUA, KODI, AU SHIRIKIANENI

Chukua kalenda ya mwaka jana uhesabu kwa ukweli: ni siku ngapi familia yako yote ilisafiri majini kwa pamoja? Wengi watapata siku tano, au nane. Kwa siku nane kwa mwaka, kukodi boti iliyokaguliwa pamoja na nahodha wake ni nafuu kuliko kumiliki. Pantoni uliyoiegesha inaendelea kula: jua linakula plastiki, maji yanakula mbao, na wezi wanaitazama mashine.

Kama siku zinazidi ishirini, au mko familia tatu jirani wenye ndugu ng'ambo moja, kununua kwa pamoja kuna maana. Lakini andikeni: nani anashika ufunguo, nani analipa fundi, na nani ana haki ya kusema leo hatuendi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Mtu mmoja akisema leo hatuendi, hamwendi, na asichekwe.

KAZI YA MWENYE PANTONI

Utakaponunua pantoni utanunua na kazi ya kuwakatalia watu unaowapenda. Baba mkwe atasimama ufukweni na mzigo wake. Dada yako ataomba mtoto wake mmoja tu aongezwe. Kwa mila zetu ni vigumu kumwambia mzee hapana, na maji yanajua hilo. Wengi tunaoweza kukadiria uzito wa gunia kwa macho tunashindwa kutamka neno moja mbele ya mkwe.

Nakupa njia rahisi. Ukishapata namba yako kwa hesabu na kwa jaribio, iandike kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kwenye nguzo ya mbele: WATU 6, MZIGO HAKUNA. Chini yake andika: GUNIA 1 NI MTU 1 NA NUSU. Mzee akija na mzigo huna haja ya kubishana naye. Msalimie, mpokee mzigo, mwonyeshe maandishi, na umwambie: "Shikamoo baba, hii inabeba sita. Naenda kuwashusha hawa, narudi kukuchukua." Safari mbili za dakika arobaini ni gharama ya mafuta tu.

Na wewe ambaye tayari unayo, usisubiri kuuza ndipo uikague. Jumamosi hii ivute ufukweni, gonga maboya, fanya hesabu ya nusu, na hesabu jaketi okozi zako pamoja na watoto wote wa nyumbani. Zikipungua hata moja, wikiendi hiyo tembeleeni shamba. Ukipata tatizo majini, namba ya dharura ya polisi ni 112 na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziandike kwenye nguzo ile ile, na simu ibebwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Tukutane tena, na Mungu awalinde walioko majini.